Ubeti wa Pili

Mke wangu alikuwa na mdomo. Simsengenyi, mdomo ndio uliokuwa mtaji wake. Aliuza vitenge Kariakoo, kwenye mtaa ambao kila mlango una vitenge vilevile, na bado wateja waliipita milango ya wenzake wakaenda kwake. "Karibu mama! Shika, mama, kushika bure!" Mimi nilikuwa mtaa wa pili, Gerezani, nikiuza spea za magari zilizotumika, na jioni nikirudi chumbani nilimkuta bado ana maneno ya kututosha wote wawili. Mungu hakutujalia mtoto, kwa hiyo mimi sikuwa baba fulani wala yeye hakuwa mama fulani. Aliniita mwenzangu. "Mwenzangu weee," alikuwa akiita kutoka uani, "maji yako ya kuoga yanapoa, halafu uje unilaumu!"

Alidondoka asubuhi moja akimpimia mteja kitambaa. Kiharusi. Upande wa kulia wote ulikufa, mkono na mguu, na maneno yakaenda nao. Yalibaki mawili tu. Akitaka maji, "Karibu mama." Akisikia maumivu, "Karibu mama." Nikiingia mimi, mumewe, na masharubu yangu haya, ananitazama machozi yakimlenga, anasema, "Karibu mama." Siku za mwanzo majirani walicheka, kisha wakaona aibu. Hata mimi nilicheka. Halafu nikaenda bafuni nikalia, nimejiziba mdomo kwa shati.

Daktari aliniambia maneno yanaweza kurudi, na yanaweza yasirudi. Sasa hilo ni jibu gani? Gerezani gari likigoma kuna kitu kimekufa. Unakitafuta, unakibadilisha, linawaka. Nilitaka niambiwe ni kitu gani na kinapatikana wapi. Kaka yangu akasema shemeji yake amechezewa na wenye wivu wa biashara, akaleta mganga. Nilikubali, sikatai, anayezama hushika hata jani. Yule mganga alipoanza kumchanja chale, jicho la mke wangu lilinitafuta chumba kizima mpaka likanipata. Nilimtoa mganga nje, na kaka yangu nikamtoa naye.

Sikuomba atembee. Sikuomba arudi sokoni. Nilitaka kitu kimoja tu, nisikie tena ananiita mwenzangu.

Lakini sikumwomba Mungu. Sisi ni watu wa kusini, nilibatizwa mtoto, na ubatizo wenyewe niliuacha hukohuko kama mtu anayeacha ndoo kwa jirani. Aliyesali nyumbani kwetu alikuwa yeye. Jumuiya yake, yaani Wakatoliki wachache wa mtaa wetu wanaosali nyumba kwa nyumba kwa zamu kila Jumamosi asubuhi, ilipofika kwetu, mimi nilikuwa nimeshavaa viatu. Sasa nikifua mashuka uani nilikuwa namsemesha Mungu kwa hasira. Huyu aliyekuimbia tangu msichana, nilimwambia, ndiye umemfunga kinywa. Mimi niliyekunyamazia, changu umekiacha kinafanya kazi. Hiyo hesabu umeipigaje?

Aliyenisaidia ni bibi mwenye nyumba, mzaliwa wa hapahapa Kariakoo, Mwislamu wa swala tano. Mgonjwa wa kulala lazima ageuzwe kila mara, vinginevyo mgongo unaota vidonda. Tulitandika shuka chini yake, tukakamata ncha zake, mmoja huku mwingine huku, tukamgeuza kwa pamoja. Mara ya kwanza nilisahau adabu nikamwambia bibi tunavyoambiana Gerezani tukinyanyua injini: "Shika huku, na mimi nishike huku!" Akaipenda. Toka siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akija mlangoni, namwamkia shikamoo, anaitika marahaba, kisha anasema, "Haya mwanangu, shika huku, na mimi nishike huku. Bismillahi."

Zamu ya jumuiya ikafika kwetu. Safari hii sikutoka, maana mgonjwa angebaki na nani? Nilikaa pembeni ya kitanda nimenuna. Wakaanza wimbo wa kwao mke wangu, wimbo ambao yeye mwenyewe aliwafundisha. Ubeti wa kwanza unashukuru kwa kuamka. Ubeti wa pili unamwambia Mungu miguu imechoka, atubebe.

Mke wangu akaimba.

Hakuimba "Karibu mama". Aliimba maneno, yote, moja baada ya jingine, mdomo umepinda na sauti inakwaruza, lakini maneno kamili. Kina mama wakalia huku wakiimba. Mama mwenyekiti wa jumuiya akapiga magoti. Wimbo ulipoisha nilimrukia nikamshika uso. "Niite! Mke wangu, niite!" Akafungua kinywa. Akahangaika. "Karibu mama," akasema.

Sijawahi kuwa na wivu kama ule, na nilimwonea Mungu. Yeye anaimbiwa beti mbili nzima, mimi nakosa neno moja! Kwenye jumuiya yetu mwenyeji wa siku ndiye anayefunga kwa sala. Mama mwenyekiti aliponigeukia akasema, "Baba, tufungie," nilimjibu sina la kumwambia huyo, fungeni wenyewe. Wakafunga wenyewe, wakaondoka.

Hospitali waliniambia hutokea. Kusema kuna njia yake na kuimba kuna njia yake, na moja inaweza kukatika nyingine ikabaki. Basi nikaelewa kwamba nikitaka kuisikia sauti ya mke wangu, sharti niimbe. Mimi! Mtu ambaye hata arusini nilikuwa natikisa midomo tu. Nilianza kesho yake nikimwogesha, na bibi akanikatiza kutoka chumbani kwake: "Mwanangu, siyo hivyo! Umeruka, miguu inakuja kwanza, ndiyo kubebwa!" Miaka yote alikuwa anausikia kupitia ukutani, ameuhifadhi kuliko mimi. Alinirekebisha mpaka nikaupata.

Ikawa ndiyo maisha yetu. Asubuhi naimba, anaimba. Mchana nakimbia kutoka Gerezani kuja kumlisha, naimba, anaimba. Nilikuwa siamini hata neno moja. Niliyatumia maneno yale kama mtu anavyotumia chambo, nitupe ili sauti yake ije. Ilikuja, na wimbo ukiisha iliondoka, na chumba kikawa kibaya kuliko kabla.

Halafu vidonda vikaanza mgongoni, pamoja na kumgeuza kote kule. Siku moja nilikuwa nasafisha kidonda, anatetemeka, nami naimba ili asisikie sana. Nikafika ubeti wa pili. Miguu imechoka. Sauti ikanikatika hapohapo, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imechoka kweli, na mikono, na mgongo, na moyo wenyewe ulikuwa umechoka kumpenda mtu huku unamwona anakwisha. Maneno yalikuwa ya kwangu. Sikuwa namwimbia yeye tena. Mke wangu akaendelea peke yake, polepole, akanisubiri kwenye kila neno mpaka nikajiunga naye, na tukaumaliza. Nililia sana. Kidonda kilikuwa kilekile, na hofu yangu ilikuwa ileile. Ila nilipomlalamikia Mungu kuanzia siku ile, nililalamika kama mtu anayejua yuko anayemsikiliza.

Ningependa kusema alipona. Kiharusi cha pili kilimkuta amelala. Kilichukua nyimbo. Kilichukua hata "Karibu mama", maneno niliyokuwa nimeyachukia, ambayo leo ningepita Kariakoo nzima nikiyatafuta. Naimba ubeti wa kwanza, kimya. Naimba wa pili, kimya. Wakati mwingine mkono wake wa kushoto unabana kidole changu, wakati mwingine haubani. Neno nililokuwa nalisubiri sitalisikia tena hapa duniani, hilo najua, na kuna asubuhi linaniuma mpaka nashindwa kufunga vifungo vya shati.

Jumamosi iliyopita zamu ilirudi kwetu. Waliimba, nami niliimba nao, na bibi alisimama mlangoni akatusikiliza. Ukafika wakati wa kufunga. Mama mwenyekiti hakunitazama, nadhani alikumbuka. Nikasema nitafunga mimi.

Nikasimama. Nikatafuta majina ambayo watu humwita Mungu kwenye sala, Baba Mwenyezi, Bwana wa majeshi, hata moja halikuwa langu. Chini yangu alikuwa amelala mke wangu, macho wazi, anatazama dari. Nikashika ncha ya shuka lake.

"Mwenzangu," nikasema.

Mtu mmoja akakohoa. Nikaendelea. "Mwenzangu, peke yangu siwezi. Ni mzito. Shika huku, na mimi nishike huku."

Wakaitika amina. Bibi akavua kandambili, akaingia, akakamata ncha ya pili, maana muda wa kumgeuza ulikuwa umefika.