Viraka vya Magoti

Kofia Nyekundu walipoletwa mjini, fundi cherehani wa kona ya soko hakuona kama yanamhusu. Kofia Nyekundu ni jina watu walilowapa polisi wa jeshi, wale ambao kazi yao tangu zamani ni kukamata wanajeshi wenzao waliolewa au kutoroka kambini. Safari hii waliambiwa wawasaidie polisi wa kawaida, kwa sababu majambazi walikuwa wanavamia maduka wamevaa nguo za jeshi. Haya, wasaidie. Yeye alikuwa na sare za shule za kushona, na watoto watatu nyumbani, kila mmoja na mdomo wa watu wawili.

Tena mwanzoni alifurahi, tusidanganyane. Wezi walipungua, na wanajeshi wakaleta kazi. Koplo mmoja, kijana mrefu mwenye adabu zake, alimletea suruali za wenzake apunguze urefu, maana huko wanakoshona wanadhani kila askari ana miguu ya twiga. Fundi alikata, akapinda, akapiga pasi. Vipande vilivyobaki alivitia kwenye mfuko wa mabaki chini ya cherehani, kama anavyofanya kwa nguo ya mtu yeyote. Fundi gani anatupa kitambaa? Labda fundi mgonjwa.

Sasa mumewe alikuwa mpiga sakafu. Watu hudhani kazi hiyo ni ya mikono. Ni ya magoti. Kutwa nzima mtu kapiga magoti kwenye saruji mbichi, anarudi nyuma kidogo kidogo huku analainisha, na suruali nzima inafia magotini. Jumapili moja mume alilalamika. Mke akaingiza mkono mfukoni bila hata kuangalia sana, akatoa kitambaa kigumu kuliko vyote, akakata viraka viwili vya maana na kuvishona mara mbili mbili. "Hapo hata ukipiga magoti mwaka mzima," alimwambia, na mume akacheka. Hakuna kati yao aliyetilia maanani kwamba kitambaa kile kilikuwa cha mabaka ya jeshi.

Siku ya gari la matangazo, mume alikuwa ameshatoka asubuhi na suruali hiyo. Gari lilipita sokoni alasiri, likatangaza kwamba raia yeyote atakayekutwa na nguo ya jeshi, hata kipande, atahesabiwa kuwa mmoja wa majambazi na kupelekwa kambini. Fundi viatu, jirani yake pale barazani, akamtania: "Mama, ficha hata vifungo vya kijani, usije ukapewa cheo."

Naye alicheka. Akavuta ule mfuko ili akachome vipande vya koplo jikoni, akaanza kuvichambua, na mkono ukasimama humo humo. Viwili vikubwa havikuwepo. Alijua vilipo.

Kumpigia simu ilikuwa kazi bure. Mume aliacha simu nyumbani kila siku tangu ile ya kwanza ilipozama kwenye saruji. Fundi akakimbilia kituo cha polisi, ng'ambo ya soko, kwa sajenti ambaye yeye humpanulia suruali kiunoni kila mwaka, na ambaye kwa urafiki wake na mumewe humwita shemeji.

Sajenti alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Shemeji, zamani ningemfuata mwenyewe. Ningemtukana, ningembandua hivyo viraka, tungemalizana hapo hapo. Siku hizi barabara ni yao. Mimi hapa nimebaki kushika ufunguo wa choo."

"Wakimchukua, si utamuulizia?"

"Kwa nani? Hapa kwangu mtu akikamatwa unamkuta kaunta, unamletea chakula, unagombana na mimi. Kule kambini sina hata pa kubisha hodi." Akashusha sauti. "Mpelekee suruali nyingine kabla hajafika kwenye kizuizi chao cha barabarani. Na wewe usimwambie mtu neno."

Alirudi barazani mbio, akachukua suruali ya mteja iliyokuwa tayari, akaikunja chini ya kwapa na kushika njia ya njia panda. Kizuizi kilikuwa pale, na nyumba inayojengwa, alikopiga sakafu mumewe, ilikuwa mbele yake. Njia nzima alikuwa anaomba kimoyomoyo kwamba leo, leo tu, tajiri awe ameongeza kazi na mafundi wachelewe kutoka.

Pale kwenye kizuizi wanawake walipangwa foleni yao, nayo ilisogea kwa shida. Alipofika mbele alimkuta yule yule koplo.

"Mama fundi, shikamoo. Unakwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Namfuata mume wangu kazini."

Hata hajamaliza, akamwona. Mume alikuwa anateremka barabara na wenzake, ndoo ya vifaa mkononi, hana hili wala lile, anakuja moja kwa moja. Fundi hakufikiri. Aliinua mkono juu ya bega la koplo, akaupunga kwa nguvu: rudi, rudi huko.

Maskini, mwanamume alimwona mke ambaye hajawahi kukanyaga barabara ya kazini kwake, amesimama kati ya askari, anapunga mkono. Baba wa watoto watatu angewaza nini? Alitupa ndoo akakimbia. Akamkimbilia mkewe.

Filimbi ikalia. Wanajeshi wawili wakamdaka, wakamlaza kifudifudi, kisha wakamkalisha chini. Hapo ndipo fundi alipoyaona magoti. Kuanzia mapajani mpaka kwenye viatu suruali ilikuwa saruji tupu, nene, imekauka, nyeupe. Kiraka hakikuonekana hata uzi. Angepita pale anawasalimia, aende zake nyumbani akale.

"Kwa nini amekimbia?" koplo aliuliza, na safari hii hakuwa na tabasamu.

"Mtoto anaumwa," fundi alisema. Ndilo neno lililokuja. "Nilikuwa namwita."

Koplo alimtazama mkubwa wake, aliyesimama kando ya lori. Mkubwa akasema mama ampeleke mtoto hospitali, na aliyekimbia mbele ya kizuizi atahojiwa kambini kama wengine. Hakusema kwa ukali. Wakamwinua mume, wakampandisha.

Mume alikuwa amesikia neno moja tu. Akang'ang'ania ubao wa lori, jasho linamtoka usoni. "Ni yupi?" aliuliza. "Mke wangu, ni yupi anayeumwa?"

Fundi alimwangalia koplo, akayaangalia yale magoti. Akisema hakuna, wataulizwa basi alikuwa anapungiwa mkono kwa sababu gani, na hapo kopo moja la maji lingetosha kuvifichua viraka.

"Mdogo," akasema.

"Ana nini? Homa?"

"Homa."

"Imepanda sana?"

"Imepanda."

Lori likawashwa. Mume bado alikuwa anapaza sauti, ambebe mgongoni asimtembeze, amfunike, asimsubiri yeye. Machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya watu wote. Fundi aliitikia kwa kichwa kila kitu, suruali ya mteja bado iko kwapani. Yule mdogo wakati huo alikuwa kwa jirani, anacheza.