Kulungu Waliokula Pensheni

Ukimuuliza Delmar Rishel kwa nini hana pensheni ya kazini, atakuambia bila kupepesa macho: kulungu. Na ni kweli, jamani. Huko kwao milimani Pennsylvania, Jumatatu inayofuata sikukuu ya Shukrani ya mwezi Novemba ni siku ya kufungua msimu wa kuwinda madume ya kulungu. Shule zinafungwa. Bosi mwenye akili anafunga. Asiye na akili anamwambia Delmar, "Ukienda usirudi," na Delmar anakwenda, na kweli harudi.

Hivyo ndivyo alivyoacha kiwanda cha ngozi. Ndivyo alivyoacha machimbo ya mawe, kiwanda cha vioo na karakana ya matrela. Kila mahali mfuko wa pensheni ulitaka mtu akae miaka mitano mfululizo, na kila mahali alitoka kabla, bunduki begani, anapiga mluzi. Nani anawaza uzee akiwa na magoti mazima?

Sasa magoti yamekwisha. Amebaki kwenye kiwanda kidogo cha kupasua mbao, ambako bosi hana mfuko wala ndoto ya mfuko. Pensheni ya serikali inatosha chakula. Mafuta ya kupashia nyumba joto haiyagusi. Kila asubuhi mkewe, Nadine, anamfunga kamba za buti kwa sababu hawezi kuinama, kisha anamtazama akienda kubeba magogo. Moyo unamuuma, mdomo haunyamazi.

"Siku moja wataniletea wewe juu ya ubao."

"Waambie wachague ubao mzuri basi."

"Cheka tu, we mzee. Cheka."

Jumamosi moja walikwenda kwenye staftahi ya kikosi cha zimamoto, chapati za maji na soseji, kijiji kizima kwenye meza ndefu. Akaja kuketi mbele yao Bernice Tubbs, aliyekuwa ofisi ya mishahara kile kiwanda cha vioo kabla hakijafungwa. Bibi huyu hana habari za kuzungukazunguka.

"Delmar, mbona bado unachanika na magogo? Pensheni yako ya vioo unamwachia nani?"

"Pensheni gani, dada? Mimi niliondoka msimu wa kulungu."

"Uliondoka msimu wa kulungu, ndiyo. Mwaka upi?"

Delmar akaanza kuhesabu kwa vidole. Nadine akaweka uma chini.

"Umesahau ule mwaka ulipoanguka ukitengeneza dungu lako la kuwindia, ukavunjika mguu?" Bernice akaendelea, anamimina asali ya mti juu ya chapati zake. "Tulikuweka kwenye kiti ukague chupa, umefungwa plasta mpaka kiunoni. Msimu ukafunguka, wenzako wakaenda, wewe ukabaki unanuna. Ulikuja kuondoka mwaka uliofuata. Miaka yako mitano ilishatimia, bwana! Nilikukimbilia mpaka getini kukuambia."

"Mbona sikusikia?"

"Ungesikiaje? Ulishawasha gari."

Delmar alisema Bernice amezeeka, anachanganya watu. Alisema hivyo njia nzima kurudi nyumbani, kwa sababu aliogopa kutumaini. Kiwanda chenyewe kilishakufa, pesa zitoke wapi? Lakini Jumatatu hakwenda kazini. Nadine alipiga simu kwa kampuni ya bima iliyorithi ule mfuko, akasubirishwa na muziki, akataja jina, akataja tarehe ya kuzaliwa. Delmar alisimama mlangoni na buti ambazo hazijafungwa.

"Yupo," dada wa bima akamwambia Nadine sikioni. "Tulimtafuta kwa anwani ya zamani, tukamkosa. Tena kuna malimbikizo."

Nadine aliweka simu chini, akakaa sakafuni palepale jikoni, akalia kwa sauti. Delmar akadhani wamenyimwa.

"Basi, mke wangu. Nitakwenda mbaoni, sijafa bado."

"Huendi popote! Vua hizo buti!" Akajifuta kwa aproni, analia na kucheka pamoja. "Kila mwaka, Delmar, kila mwaka nilikuwa naomba uvunjike mguu ubaki na mimi nyumbani. Halafu ulipovunjika nikatubu, nikaacha kuomba."

Delmar aliteremka polepole, goti moja, kisha la pili, akakaa sakafuni karibu naye. Nadine akamvua buti ya kwanza.

"Ungeendelea kuomba," Delmar akamwambia.