Filamu ya Bibi Iliyorudiwa Mkuyuni

Mdogo wangu Zuhura ana miaka ishirini na sita, na tangu mwezi wa sita anaongea kwa sauti ya bibi yetu aliyekwisha kuzikwa. Najua unavyofikiri. Hata mimi ningedhani ni tangazo la filamu. Lakini nilikuwepo, na vifaa vya kusikilizia vilikuwa masikioni mwangu.

Nirudi nyuma kidogo. Zamani bibi, mzaa mama, aliigiza katika filamu ya kutisha iliyopigwa kwa kanda kijijini kwetu Mkuyuni. Alikuwa mzuka anayeita watu mtoni: "Njooni, maji hayana baridi." Basi. Maneno manne. Mtaa mzima wa Mwembesongo, kule mjini, uliitazama kwenye vibanda vya video, na wapo watu wazima ambao hadi leo hawachoti maji magharibi ikiingia.

Mwaka huu mtengenezaji kutoka Dar akaja kuirudia kwa kamera za kisasa. Zuhura akapewa nafasi ya bibi, nami nikachukuliwa kurekodi sauti. Watu hawakutuacha.

"Filamu ya kurudia ni kiporo, shosti," mwenzake anayesuka naye saluni alimwambia. "Bibi yenu alitukojoza. Wewe utatuchekesha."

Neno hilo lilimchoma. Akafungua sanduku la bibi, akatoa kaniki na kanga zake, akajifunza mwendo wake na hata kikohozi chake.

Hapo ndipo tulipokosea. Kwetu, anayemwigiza marehemu ni mtani, mtu wa ukoo tunaotaniana nao tangu mababu. Msibani huvaa nguo zake, huchechemea kama yeye, watu wakacheka huku wanalia. Mjukuu hafanyi hivyo. Mtani wetu, Mzee Kibwana, alitufuata mpaka mtoni siku ya kurekodi.

"Ukoo wa wavivu ninyi! Leo mnaiba hata kazi yangu? Nipeni nguo nimwige mimi kwanza, ndipo huyu mtoto avae."

Tulicheka. Mtengenezaji akasema mwanga unapotea. Mimi, kaka mtu, ningeweza kumzuia Zuhura. Niliwasha mashine ya kurekodi.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Zuhura alisimama ndani ya maji akingoja kuambiwa aanze. Midomo yake ilikuwa imefungwa, nilikuwa namtazama. Masikioni nikasikia: "Njooni, maji hayana baridi." Kisha jina langu la utotoni, ambalo Zuhura hajapata kulijua. Niamini. Nani alisema? Mara Zuhura akafumbua mdomo: "Nimechoka, twendeni nyumbani." Sauti ilikuwa ileile.

Filamu imetoka. Waliombeza wanasema marudio yamefikia ya kwanza. Wengine wanasema yameipita. Mimi sibishani. Mtoto wa Zuhura, wa miaka minne, anakataa kulala naye, na mumewe amehamia kwa ndugu yake. Hospitali walimtazama koo, hawakuona kitu.

Nakuonya: ukitaka kurudia alichofanya marehemu wa kwenu, mwite mtani kwanza. Usimcheke.

Ijumaa iliyopita tulimleta Mzee Kibwana. Mtu huyu hajawahi kumsalimia yeyote wa ukoo wetu bila kumtukana. Alisimama mlangoni, akamtazama Zuhura, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaondoka bila kukaa. Ni mtani, labda alikuwa anatania. Nimempigia simu mara nne nimuulize. Hapokei.