Sanduku la Galaksi Tasa

Siku ya kwanza kazini nilipewa aproni nyeusi na onyo. "Ukifungua mlango kabla sijasema, umeniharibia kazi yote," aliniambia Bwana Mkuu wa Kituo, Mzungu aliyejifunza Kiswahili Unguja na kujivunia. Kituo chetu cha kutazamia nyota kilikuwa nje kidogo ya Kaole, miaka ya hamsini: darubini moja, chumba cha giza cha kusafishia picha, na jiko alimopika ami yangu. Ami ndiye aliyeniombea kazi. Nilikuwa nimerudi kutoka Kiwangwa na talaka yangu. Binti yangu Mwanaidi alikufa kwa homa akiwa bado ananyonya, sikushika mimba nyingine, na mume wangu akaniita tasa mbele za watu. Tangu hapo hakuna aliyeniita tena Mama Mwanaidi.

Nilisafisha vioo vya picha, maana siku hizo picha za nyota zilipigwa juu ya kioo. Kila asubuhi nilivitia kwenye dawa, kisha nikavisuuza kwa maji ya mvua, maana ya kisima yalikuwa na chumvi na yaliacha madoa. Zilikuwa picha za galaksi, yaani mikusanyiko mikubwa mno ya nyota, ila msidhani zilipendeza. Mwanga wa galaksi ulipitishwa kwenye kioo cha pembe tatu, ukatandazwa kuwa utepe mwembamba. Penye nyota changa, gesi inayozizunguka huwaka, na utepe hupata mistari mikali. Kwenye kioo cha picha mambo huwa kinyume, hivyo mwanga huo hutoka mweusi.

Vioo vyenye mistari viliwekwa kwenye sanduku lililoandikwa "Zinazozaa". Visivyo nayo vilikwenda kwenye "Tasa". Maneno hayo aliyachagua karani wa kituo, na aliyafurahia.

"Taratibu, bibie," alikuwa akinitania. "Hao ni wenzako."

Iliniuma, wallahi. Siku moja nikashindwa, nikakaa chini nikilia, kioo mapajani. Bwana Mkuu akaingia.

"Kimevunjika?"

"Hakijavunjika, Bwana. Nauliza tu, hizi hazikuzaa kamwe?"

"Zilizaa sana," akasema kwa mshangao. "Utepe wote huu ni mwanga wa nyota zake, ila zimezeeka. Gesi imekwisha, ndiyo maana hakuna mistari."

"Basi mbona tunaziita tasa?"

Nadhani ami alikwisha kumweleza habari zangu. Bwana Mkuu akachomoa kalamu mfukoni, akanipa. "Andika wewe."

Nikafuta "Tasa" kwenye sanduku, nikaandika "Zilizozaa".

Baadaye Bwana Mkuu alihamishwa. Aliyempokea, Bwana Msaidizi, alisema maneno mawili yanayofanana yanachanganya watu, na karani akarudisha lile la zamani. Sikubisha, kazi niliihitaji. Niliendelea kulijaza sanduku lile mpaka kituo kilipofungwa, na kila kioo nilikisuuza vizuri kuliko vingine.

Sasa nimestaafu, na kucha zangu hazijatoka rangi ya dawa. Nyinyi vijana mnaosomea nyota nasikia mna vyombo visivyotaka maji ya mvua, nawaonea raha. Huku kwetu wapo bado wanaosema yule bibi hakujaliwa. Juzi nilikwenda kumpa hongera jirani aliyejifungua. Nikamnyooshea mikono nimpakate mtoto, naye akasita, akamvutia kifuani. Najua alichoogopa: kijicho cha tasa.

"Bibi," akasema kwa haya, "umewahi kushika mtoto mchanga?"

"Nipe, mwanangu," nikamwambia. "Mimi ni Mama Mwanaidi."