Kwa Nini Samsoni Alilala Tena

Darasa la kipaimara nilifukuzwa mara moja tu, na sababu ilikuwa Samsoni. Mwinjilisti alitusimulia vizuri mno siku ile, mpaka mikono inaruka: mtoto aliyewekwa wakfu tangu tumboni, wembe usimguse kichwani, divai asinywe, akakua, akamrarua simba kwa mikono mitupu, kisha akampenda Delila. Delila akataka kujua siri ya nguvu zake. Samsoni akamdanganya, akalala, akaamka amefungwa, akazikata kamba. Akamdanganya tena, akalala tena, kamba tena. Mara ya tatu vivyo hivyo, safari hiyo nywele zimefumwa pamoja na nguo. Mara ya nne akasema kweli, akalala, akanyolewa. Hapo nikanyoosha mkono. Mtu aliyefungwa mara tatu na mwanamke yule yule, analala tena mapajani pake kwa akili gani? Mwinjilisti akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuendelee. Nikamwambia hilo si jibu. Nikatumwa nje kung'oa magugu kwenye maua ya kanisa mpaka somo liishe.

Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini hawasemi utang'oa magugu kiasi gani. Swali lenyewe sikuliacha. Nilipokuwa mtu mzima niliwauliza wachungaji wawili. Wa kwanza alinipa mahubiri marefu juu ya hila za wanawake, nami nikamshukuru kwa heshima zote huku nikijua kwamba hajajibu. Wa pili alisema ni siri ya Mungu. Mimi nikawaza kwamba Mungu hakuwa ndiye aliyelala.

Aliyenifanya nisilisahau swali hilo ni kaka yangu mkubwa. Alikuwa mpakiaji wa mbao Shume, na mbao ambazo wenzake walizibeba wawili wawili, yeye alizibeba peke yake akiwa anasimulia hadithi. Hata hivyo sifa zake hazikuwa za mabega. Walimsifu kwa mapafu. Usharika wetu, kama sharika nyingi za Kilutheri huku milimani, una kundi la matarumbeta. Hupigwa harusini na mazishini, na alfajiri ya Pasaka kundi huenda makaburini kuwatangazia waliolala kwamba Bwana amefufuka. Kaka alipiga besi, lile kubwa kuliko yote, linalopakatwa mapajani. Wengine wakilipuliza lilikohoa tu. Akilipuliza yeye, mabati ya kanisa yalitetema na mimi niliisikia sauti kwenye mbavu zangu. Mtu alipozikwa bila besi ya kaka, ndugu zake walilalamika kwamba hakuzikwa vizuri.

Mwalimu wa matarumbeta aliandika barua ili kijana huyu apelekwe kusomea muziki, arudi afundishe sharika zote mpaka kule Mtae mwisho wa barabara. Nafasi ikapatikana. Wiki ya kuondoka kukawa na harusi huko huko Mtae, kaka akaenda na kundi. Sasa, matarumbeta yakienda harusini wenyeji hawakubali wapigaji wakae na koo kavu. Wengi hupewa soda. Mwenye besi hupewa boha, pombe yetu ya miwa, maana watu huamini kwamba kifua kile hakiwezi kutulizwa na soda. Kundi lilirudi siku ya pili bila yeye. Siku ya tatu besi lilirudi peke yake juu ya lori la kabichi, limefungwa katikati ya magunia. Kaka alirudi siku ya tano, na nafasi ya masomo ilikuwa imeshampita.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama mnavyoyajua mambo ya walevi, sitayarudia yote. Mkewe alirudi kwao Mponde na watoto. Kanisa likamtenga. Kwetu aliyetengwa anaweza kuja ibadani, lakini haendi Mezani pa Bwana, haimbi kwaya, hagusi tarumbeta. Akitaka kurudi hufundishwa kwanza, kisha husimama mbele ya usharika siku ya Jumapili, anakiri, mchungaji anampa mkono, na watu wanaimba. Tunaita kurudi kundini. Kaka alirudi kundini mara tatu, na mara zote tatu nililia kwa furaha, nikapika pilau. Mara zote tatu hakumaliza mwaka.

Mwaka juzi aliomba kurudi mara ya nne. Wakati huo mimi nilikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo nilikuwepo barua yake iliposomwa kwenye baraza la wazee. Mzee mmoja alisema sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba tunaifanya Meza ya Bwana kuwa mchezo. Mwingine alisema tumhurumie. Mchungaji akasikiliza, akaamua kwamba mimi ndiye nimfundishe kwa majuma matatu, kisha nilete neno langu, kwa kuwa mimi ndiye nisiyeogopa kumuuliza maswali. Sijui kama alikuwa ananisifu.

Nilikubali kwa sababu ya hofu. Kaka alikuwa amekonda, macho yamekuwa ya manjano, na daktari alishamwambia lililokuwa la kumwambia. Kwetu mtu akifa akiwa ametengwa, kengele haipigwi, mchungaji haendi kaburini, na matarumbeta hayatoki. Yeye aliyewasindikiza wafu wa usharika mzima angeshushwa kimya kimya kama mzigo. Nilikuwa naamka na wazo hilo, nalala nalo.

Somo la kwanza na la pili tulisoma vizuri tu, maneno ya toba na ya neema, akiitikia kama mwanafunzi anayekijua kitabu. Alikuwa anakijua kweli. Alikuwa amekisoma mara tatu. La tatu nikaamua kuacha kitabu. Nilimkuta mtoni, suruali imekunjwa mpaka magotini, amesimama ndani ya maji anakanyaga karoti za jirani ziishe udongo kabla ya kupelekwa sokoni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Onga mshi, mzee wa kanisa," akanijibu kwa salamu yetu ya Kishambaa, akitania. "Leo tunasoma nini?"

"Samsoni."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mmenichagulia, au ndivyo ratiba inavyosema?"

"Nimechagua mimi. Nina swali."

"Lile la magugu?"

Nilishangaa kwamba analikumbuka. Nikakaa juu ya jiwe, nikamuuliza kama nilivyouliza nikiwa na miaka kumi na minne: mara tatu amefungwa, anajua nani anamfunga, kwa nini analala tena? Nilimwambia wazi kwamba simsemi yeye kwa mafumbo. Nilitaka kujua kweli, na katika watu wote niliowauliza hakuna aliyewahi kulala mahali pale.

Hakukasirika. Aliendelea kukanyaga karoti, maji yakitoka mekundu chini ya miguu yake.

"Wewe unaona alikuwa mjinga," akasema.

"Naona alipenda."

"Kupenda kupo. Lakini hebu hesabu. Mara ya kwanza kafungwa, kaamka, nguvu zipo. Ya pili, zipo. Ya tatu, zipo. Mtu huyo kajifunza nini?"

"Kwamba yule mwanamke ni hatari."

"Hilo mmejifunza ninyi mnaosoma. Yeye kajifunza kwamba huwa anaamka." Akaacha kukanyaga. "Si kwamba alimwamini Delila, mdogo wangu. Aliamini kuamka. Hata siku ile ya nne, kichwa kimeshanyolewa, alidhani atajinyoosha na kutoka kama siku zote. Soma, imo. Zile mara tatu alizopona ndizo zilizomwua."

Miaka yote nilikuwa natafuta kosa kwenye ile mara ya nne. Nilimtazama mtu mwenye macho ya manjano ndani ya maji ya baridi, nikajiuliza ni mwalimu gani angekuwa huyu, kama si ile harusi ya Mtae.

"Na mimi hivyo hivyo," akaendelea. "Mkinitenga najua nitaamka. Itafika Kwaresima, atakuja mtu kunisalimia. Nitasimama mbele, nitapewa mkono, mtaimba. Najua hadi wimbo."

Hapo nikaudhika, sitaficha. "Kwa hiyo kosa ni letu? Tulikusamehe, kaka! Mara tatu!"

"Mlinisamehe wiki gani?"

"Wiki gani nini?"

"Mara ya kwanza ilikuwa wiki gani? Ya pili? Ya tatu?"

Nikakumbuka. Ya kwanza ilikuwa Jumapili ya Matawi. Ya pili ilikuwa wiki mbili kabla ya Pasaka; masomo yalifupishwa, nilikumbuka vizuri, mwalimu wa matarumbeta ndiye aliyekwenda kuomba yafupishwe. Ya tatu ilikuwa kabla ya mazishi ya mzee mmoja mkubwa wa usharika, ambaye familia yake ilisema haiwezi kumzika bila besi. Hakuna mara hata moja tuliyokwenda kumwita kaka wakati wa mvua za vuli, wakati hakuna sikukuu wala maiti.

"Mlikuwa mnanitaka mimi," akauliza, kwa upole tu, "au mlikuwa mnalitaka besi?"

Niliona aibu, aibu ya kutamani kuondoka. Mimi ndiye niliyepika pilau. Siku zile nilikaa benchi la mbele ili nisikie vizuri sauti ile kwenye mbavu, nikaiita furaha ya toba.

"Wafilisti waliomkamata nao walimtoa Samsoni gerezani," akasema. "Nani alimsamehe? Walitaka awachezee."

Alitoka majini, akaanza kupakia karoti kwenye gunia. Nilimsaidia kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine. Tulipofunga mdomo wa gunia akaniambia shida yake. Alitaka kurudi kundini. Alitaka Meza ya Bwana, na siku yake ikifika azikwe kama watu. Ila besi tusimpe. Akilishika atakwenda harusini, na akienda harusini atakunywa, na akinywa atalala akijua kwamba ataamka.

"Hata Pasaka?" nikamuuliza. Lilinitoka kabla sijafikiri.

Kaka alinitazama, akatikisa kichwa, akajitwisha gunia begani. Siku ile nilirudi nyumbani nimejichukia.

Barazani nilipeleka neno langu lote, na lile swali langu la Pasaka pia sikulificha. Wazee walisikiliza kwa makini mpaka nilipofika kwenye besi. Yule aliyesema sikio la kufa halisikii dawa ndiye aliyekuwa wa kwanza: "Na Pasaka je?" Wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mzee mwingine akaleta ile talanta iliyofukiwa ardhini: mtu akipewa kipaji na Mungu asipokitumia, si atadaiwa? Ni swali zuri, na mpaka leo nalichungulia kila upande sijalipatia jibu. Labda kipaji kikizikwa ni dhambi. Lakini Samsoni alizitumia nguvu zake zote hadi tone la mwisho, na bado tunafundisha watoto kwamba alizipoteza. Niliwaambia kwamba jibu sina, ila Kristo atafufuka hata bila besi. Mchungaji aliandika: arudi kundini, besi asipewe. Kaka akarudi kundini Jumapili iliyofuata, na wimbo ulikuwa ule ule alioujua.

Alfajiri ya Pasaka tulikwenda makaburini. Ukungu ulikuwa mzito, tukatembea kwa tochi mpaka kwenye misalaba ya wazazi wetu. Kaka alikuwa kando yangu ndani ya koti la kubebea mbao, lile la kazini, maana hakuwa na jingine. Mwalimu wa matarumbeta alikuwa amelibeba besi mgongoni kutoka kanisani, na akaliweka juu ya majani, karibu kidogo na tulipokuwa tumesimama. Nilijua kwa nini amelileta, na yeye alijua kwamba najua.

Wakaanza kupiga. Bila besi wimbo ulikuwa mwembamba, kama vikombe vinagongana, na ubeti wa pili walipoteana. Watu wakaanza kugeuka. Mama mmoja, mtu mwema kabisa ambaye kaka alimpigia besi kwenye maziko ya mumewe, akasogea akamshika mkono: "Baba, mara moja tu. Kwa ajili ya Bwana." Mwingine akasema amina. Hawakuwa na ubaya wowote, nao pia walikuwa na wafu wao pale.

Nilimtazama kaka. Midomo yake ilikuwa imejikaza yenyewe, kama tayari ipo kwenye mdomo wa besi, na kifua kinapanda na kushuka pamoja na wimbo. Nilimuuliza kwa sauti ya chini:

"Unataka?"

"Sana," akasema.

Kisha akaketi chini kwenye majani yenye umande, kaburini kwa mama, akaikalia mikono yake yote miwili. Nikaketi kando yake, na wimbo ukaisha vibaya.