Mshipi Nilioukalia

Niliacha shule mapema, lakini magari nayajua. Ndivyo nilivyomwambia Mama Chebet, muuza mbao wa Elburgon, siku aliyonijaribu kazi ya udereva. Mshipi niliufunga nyuma ya mgongo, gari liache kunipigia kelele.

“Mbona hujajifunga?” akauliza, yeye amejifunga.

“Mathe, mshipi ni wa kuonyesha polisi. Airbag, ule mfuko wa hewa ndani ya usukani, ndiyo huokoa mtu.”

Nilikuwa bado namweleza inavyofura, ghafla kondoo akakatiza barabara. Nikakanyaga breki. Kifua kikagonga usukani, kifuniko chake kikabanduka, na ndani nikaona sweta kuukuu.

“Airbag ilitoka gari lilipogongwa zamani,” akasema, ametulia kitini. “Hiyo sweta ni yangu, niliijaza hapo pasibaki shimo. Hamia huku, boss, na ujifunge. Nakurudisha stendi.”