Kitambaa cha Mama Shuka na kuku wa uani

Saa saba na nusu mchana, jua limekaa utosini na hakuna hata jani linalotikisika. Mama Shuka amesimama chini ya kamba yake ya kuanikia nguo. Anashika kitambaa kidogo cheupe kilichobanwa kambani upande wenye kivuli, anakiminya pembeni, kisha anakiweka shavuni.

"Bado kibichi," anasema. "Nusu saa nzima na bado kibichi. Basi leo maji hayatusaidii kitu. Leo ni upepo tu."

Anaitua ndoo aliyokuwa ameishika na kwenda bandani. Humo kuku thelathini na sita wanatweta midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mwili kama watu waliobeba vikapu kwapani.

Mgeni wake, mwenye kalamu na daftari, anamfuata na kuegemea wavu ili aone vizuri. Anafukuzwa papo hapo.

"Sogea, mwanangu, unawazibia upepo. Wewe umekula, wao wanatafuta pumzi."

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu amekuwa dobi. Anafua mashuka ya nyumba mbili za wageni kwenye karo la saruji nyuma ya nyumba yake. Vidole vyake vimechakaa kwa sabuni. Mdomo wake, wanasema majirani, haujachakaa hata kidogo.

Mtu angedhani jina lake limetokana na kazi hiyo. Sivyo.

"Ni jina la msiba," anasema. "Walinipa baada ya kuwaua kuku wangu kwa mikono yangu mwenyewe."

Ilikuwa msimu wa joto uliopita, siku nzito kama hii, ile ya kuoga na kutoka bafuni ukiwa na jasho tayari. Aliwaona kuku wanatweta, akafanya kile ambacho pengine dobi peke yake angekifikiria. Alitoa mashuka mabichi karoni, akalizungushia banda pande zote, kuanzia paa hadi chini, ili wapate ubaridi.

"Nilijisifu kabisa. Nilimwita baba watoto aje aone. Nikamwambia, kuku wangu leo wamelala hotelini."

Kisha akaenda kupeleka furushi la nguo kwa mteja. Aliporudi saa kumi, banda lilikuwa kimya. Alifunua shuka la kwanza na joto likampiga usoni kama mvuke wa sufuria. Kati ya kuku arobaini na saba, thelathini na tisa walikuwa wamekufa.

"Nilikaa chini. Sikulia," anasema, na kwa mara ya kwanza anaongea polepole. "Kilichoniuma ni yale mashuka. Yalikuwa mabichi vilevile kama nilivyoyatundika. Mimi ni dobi, jamani. Siku ambayo shuka halikauki naijua kuliko mtu yeyote hapa. Sasa nilitegemea nini? Niliwafungia na mvuke, na upepo nikauzuia nje."

Wanane waliobaki hawakuwa na ujanja wowote. Walikuwa wamechomoka kwenye tundu la wavu kabla mashuka hayajatundikwa, wakajilaza chini ya karo. Kesho yake Mama Shuka alitambaa akaingia humo, akalala palepale walipolala.

"Majirani wakasema, huyu sasa akili zimeruka. Lakini nilisikia upepo shingoni. Unapita katikati ya nyumba na ukuta, kidogo tu, lakini haukatiki."

Bwana mifugo aliyekuja kumpa pole anaikumbuka siku hiyo. Kuku hatoki jasho, anaeleza. Hujipoza kwa kutweta, na hewa ikishajaa unyevu, kutweta hakumsaidii sana. "Nilifika na somo langu lote," anasema, "nikamkuta mama wa watu amelala chini ya karo na ameshalielewa."

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma aliyestaafu kiwandani, hakuwa na haja ya somo. Tangu zamani alikitaka kiwanja hicho cha uani afungue karakana yake. Hakugomba. Alimpa mkewe msimu mmoja zaidi: kuku wakifa tena, banda linavunjwa. Jioni hiyohiyo akaleta vyuma vya kujengea karakana, akavifunga kwa waya na kuviegemeza ukutani.

Mama Shuka huvipita kila alfajiri akienda kulisha kuku.

"Vile vyuma vinanitazama," anasema. "Na mimi navitazama."

Siku hizi analisha alfajiri na jioni tu. Mchana vyombo vya chakula vinakuwa vitupu, maana tumbo linalosaga chakula nalo linaongeza joto. Maji ya kunywa yamo kwenye vyungu kivulini na hubadilishwa kila saa. Paa limepakwa chokaa. Kuta tatu, zilizokuwa bati chini na wavu juu, sasa ni wavu mtupu. Umebaki ukuta wa bati wa magharibi, unaokinga jua la alasiri.

Na kuna kitambaa. Kila mchana anakilowesha na kukianika kivulini. Kikikauka ndani ya nusu saa, hewa ni kavu, naye hunyunyiza maji sakafuni. Kisipokauka, hakuna tone linalomwagwa bandani. Hufungulia feni, ambayo zamani ilikuwa ya chumbani kwao.

"Baba watoto anajipepea na gazeti," anasema. "Angalau sasa analifungua."

Saa tisa kasoro, umeme unakatika. Feni inazunguka mara mbili tatu na kusimama.

Kuku wanasogea kwenye wavu, wanatweta kwa kasi zaidi, kisha mmoja mwekundu anapepesuka na kulala ubavu. Ni mmoja wa wale wanane.

Anambeba, anaizamisha miguu yake kwenye beseni la maji yasiyo baridi sana, asije akashtuka, huku akimpepea kwa mfuniko wa ndoo. "Usinifanyie hivyo," anamwambia. "Wewe unajua njia ya kutoka, usinifanyie hivyo."

Mlango wa nyuma unafunguka. Fundi anatoka na nyundo, anatupia jicho vyuma vyake ukutani, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa magharibi.

"Unavunja?" anauliza mkewe.

"Nafungua," anajibu. "Upepo wa mchana unatoka huku. Hili bati linawazibia."

Anang'oa misumari mmoja mmoja. Bati linashuka na upepo unaingia, hafifu, lakini jua nalo linaingia. Mama Shuka anamkabidhi mgeni kuku na mfuniko, anakimbilia kambani na kurudi na shuka la jana, kavu.

"Shuka tena?" anauliza mumewe.

"Tena. Lakini safari hii juu."

Wanalifunga ukingoni mwa paa na kulivuta kwa nje hadi kwenye nguzo za kamba, kama kibaraza cha duka. Kivuli kinaangukia bandani, upepo unapita chini yake. Ndani ya beseni, kuku mwekundu anainua kichwa, anakung'uta bawa na kumlowesha mgeni suruali yote.

"Huyo amepona," anasema Mama Shuka, na sasa machozi yanamtoka bila kificho.

Saa kumi na mbili jioni fundi anahesabu mwenyewe, kwa kidole, mara mbili. Thelathini na sita. Mkewe, akitia pumba vyomboni, anasema mwakani anataka kufika hamsini, na kwamba wanawake wawili wa mtaa huu wameshamwomba awaonyeshe namna ya kutumia kitambaa.

Mumewe amechuchumaa ukutani na koleo, anakata waya uliofunga vyuma vya karakana. Anachomoa kimoja, anakisimamisha pale shuka lilipoishia.

"Mama," anasema, "kibaraza chako unakitaka kirefu kiasi gani?"

Mama Shuka anapangusa mikono kwenye kanga. Anainua mkono juu ya kichwa chake, halafu anasimama kwa ncha za vidole na kuongeza kidogo.

"Hapa," anasema. "Upepo upite bila kuinama."